Sala Bila Kinong'onezi

Shule ya kanisa letu huku Goba ina watoto kumi na wanane tu, na haimpokei mtoto mpaka mzazi wake amwombee kwa sauti bila kinong'onezi. Siku hizi kila mtu anacho kifaa hicho sikioni, na kinampa maneno kabla hajayatafuta.

Nilikivua mlangoni, nikamshika binti yangu Tumsifu mkono, nikafumba macho.

"Ee Baba mwema, tunakushukuru kwa zawadi ya siku hii mpya..."

"Mama Tumsifu," Mwalimu Eliwaza akanikatiza, "hiyo ni sala ya kinong'onezi, umeikariri tu. Nimeisikia kwa wazazi wanne tangu asubuhi. Mmoja hata jina la mtoto hakubadilisha."

Niliona haya. Nilitaka mwanangu asome pale kuliko kitu chochote.

"Bwana," nikasema mwishowe, "huyu anaogopa mbwa. Mimi naogopa asije akakua bila kunijua. Tusaidie. Amina."

"Jumatatu aje na daftari," mwalimu akasema.

Jioni mume wangu alibariki ugali kwa sala ndefu, nzuri. Tumsifu hakufumba macho. Alikuwa akilitazama sikio la baba yake.

"Amina," mume wangu akamaliza.

"Haya baba, sasa omba wewe," Tumsifu akasema.

Mume wangu akacheka, akakivua kinong'onezi, akakiweka kando ya sahani. Akafungua kinywa. Akakifunga.

Nikauzuia mkono wa Tumsifu usiguse ugali. Mboga ikapoa, nasi tukazidi kumngoja.