Mke wa Kwenye Picha

“Gari jeusi linaingia uani,” ilisema sauti ya Kokuhirwa. “Kaka yake anashuka. Macho yamemvimba kwa kulia.”

Novatus alitikisa kichwa kwa raha. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu apofuke, lakini gari lile aliliona vizuri kuliko alivyowahi kuiona migomba yake mwenyewe. Picha hii aliitazama mara ya kwanza akiwa kijana, utingo wa malori ya kahawa, ndani ya jumba la sinema kule Bukoba. Kihindi hakukijua, wala mkewe hakukijua. Sasa, mbele ya televisheni yao, yeye alisikiliza nyimbo, Kokuhirwa akamsimulia yanayoonekana.

Picha za siku hizi aliziita upuuzi. Za zamani zilikuwa na maadili, na hapa Rugera yeye ndiye aliyejipa kazi ya kuyafundisha. Ile ya marafiki wawili waliokufa wakilinda shamba moja ilifundisha ujirani mwema, na aliisifu hata wiki ile aliyong’oa mimea ya mpaka ili amege shamba la jirani yake Hategekimana. Ile ya hakimu aliyemfunga mwanawe ilifundisha haki. Majirani waliacha kuja kutazama, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki mtu na mkewe. Watoto wao, Jovin na wadogo zake, wako Mwanza, wanapiga simu Krismasi.

Lakini hakuna iliyoifikia hii ya leo. Mume amepooza. Kaka wa mke anakuja na gari kumwambia dada yake kwamba mama yao yu mahututi. Mke anasimama mlangoni, anakataa kwenda, anarudi kwa mumewe. Novatus alimwonyesha Kokuhirwa picha hii mwezi ule ule waliooana, na kwa miaka thelathini na minne aliendelea kumwonyesha kila alipohisi kwamba ameanza kusahau.

Jumapili iliyopita Kokuhirwa alikuwa ameanza kusahau. Mama yake alikuwa hoi kule Songambele, akaomba ruhusa ya siku tatu. Novatus hakubishana naye. Alimwambia tu aweke picha, naye akaiweka, akaisimulia mpaka mwisho. Jumanne yule mama akafa. Novatus alikataza hata mazishi, maana nani angempikia, nani angemshika mkono kwenda chooni? Marehemu, alisema, hawahesabu waliokuja.

Alitarajia kununiwa. Badala yake Kokuhirwa alikuwa laini kama ndizi mbivu. Asubuhi hii alimwogesha, akamkata kucha, akapika ndizi na maharage sufuria nzima, akaiweka mezani pamoja na chupa ya uji na ndoo ya maji, vyote karibu kabisa na kiti cha mumewe. Hatimaye ameelewa, Novatus aliwaza, akajisikia mtu mwema.

“Mke anatoka,” sauti iliendelea. “Anasimama mlangoni.”

Nyimbo zilisikika nyembamba leo. Itakuwa betri ya sola, Novatus aliwaza, lakini hakuuliza. Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja tu: picha ikianza, haongei mtu ila msimulizi. Yeye mwenyewe alijiruhusu neno moja, mwishoni, pale penye funzo.

Mara mvua ikaanza kupiga mabati.

Novatus akashtuka. Uani kulikuwa kumeanikwa kahawa, mavuno ya msimu mzima.

“Mama Jovin, mvua hiyo. Nenda ukaanue kahawa.”

“Kaka anamshika mkono,” ilisema sauti. “Anamsihi.”

“Kahawa, nimesema.”

“Mke anatazama chini.”

Hasira zilimpanda. Katika miaka yote ile hakuwahi kumtuma mara mbili. Alitaka kupiga meza, kisha akasita. Mlango ulikuwa wazi, na jua lilikuwa likimchoma magotini. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na harufu ya udongo uliolowa.

Mtu akakohoa, pale pale karibu yake.

“Pole,” sauti ya Kokuhirwa ilimwambia mtu huyo. “Kunywa maji kidogo.”

Novatus hakuwa amekohoa.

Aliuliza ni nani aliyemo humo ndani. Akauliza tena, kwa upole safari hii, na upole ule ukamtisha yeye mwenyewe. Sasa aliogopa, woga wa mtu asiyeweza kukimbia hata ndani ya nyumba yake. Alinyoosha mkono kwenye kiti cha mkewe, atafute goti, kitenge, chochote kilicho chake. Kiti kilikuwa baridi. Alipapasa mpaka vidole vikagusa simu, imepata joto, mvua na nyimbo za Kihindi zikitoka ndani yake.

“Gari linaondoka bila yeye,” ilisema simu. “Mke anarudi ndani.”

Halafu, kutoka humo humo, akaongea mwanamume mwenye sauti nzito, ya mtu aliyeshiba, na Novatus akaitambua sauti yake mwenyewe ya Jumapili iliyopita: “Umemwona huyo? Mke wa namna hiyo, hata ukipofuka humtafuti. Unanyoosha mkono tu, yupo.”