Majani ya Uani

"Rudia," alisema mganga Shemboza.

Dokta Asumini, mtafiti wa maabara, alidhani mzee amefurahi. Akachukua kichupa kingine cha kemikali ya zambarau, akadondoshea maji ya majani aliyoleta mzee. Zambarau ikafifia, ikawa njano, kama mara ya kwanza.

"Dawa yako ina nguvu kweli, mzee. Hata panya wetu wenye kisukari, walipoinywa sukari iliwashuka. Kwa binadamu bado hatujui, ila sijawahi kuona kitu kama hiki. Umerithi kwa nani?"

Shemboza alishika ukingo wa meza. Hakurithi kwa mtu. Yalikuwa majani tu ya ua wa nyumba yake. Aliyachuma, akayatungia jina akiwa njiani kwenda sokoni. Wateja waliporudi kumshukuru, aliwacheka moyoni. Hapa alikuja kwa amri ya manispaa, akijua leo anaumbuka.

"Na nyumbani mnaitumia?"

"Marehemu mke wangu, Tunu, alikuwa na sukari. Aliniomba sana."

"Ikamfaa?"

Mzee alivitazama vile vichupa viwili vya njano. Kwa jinsi alivyompenda, hakutaka kumnywesha uongo. Kikombe alichojichemshia Tunu mwenyewe, alimpokonya mdomoni, akamwaga uani, chini ya ua ule ule.

"Rudia tena," alinong'ona.

Asumini alimshangaa, lakini akachukua kichupa cha tatu. Shemboza akafumba macho, akiomba safari hii zambarau ibaki zambarau.

Tone likaanguka.