Dripu Kabla ya Mtoto

Tunu alifika wodi ya wazazi asubuhi, uchungu umeshaanza, na kabla hata hajakaa kitandani alimpa mkunga kadi yake ya kliniki.

"Soma hapo chini kwanza, dada. Mengine utaniuliza baadaye."

Mkunga Felista akasoma. Kipimo cha mwezi uliopita kilionyesha vijidudu kwenye njia ya uzazi, visivyomsumbua mama lakini vinavyoweza kumwingia mtoto anapozaliwa. Mtoto wa kwanza wa Tunu alizaliwa mzima, akashikwa na homa, akafa kabla hajapewa jina. Safari ile hakuna aliyempima Tunu.

"Penisilini iingie sasa hivi," Felista alisema, akimpapasa mkono kutafuta mshipa. "Tukipata muda wa saa nne kabla hajatoka, tutakuwa tumemkinga vizuri."

"Na akiwahi?"

"Akiwahi tutamwangalia kwa karibu zaidi. Tulia, mama."

Dawa ikaanza kudondoka. Kila uchungu ulipombana, Tunu alikaza macho kwenye yale matone na kunong'ona, "Subiri kidogo, mwanangu. Subiri."

Mtoto alisubiri saa tano nzima. Akatoka wa kike, akilia kwa hasira, na Felista akamlaza kifuani pa mama yake.

"Tutakaa naye siku mbili tumwangalie."

"Kaeni naye hata wiki," Tunu alisema, akicheka huku machozi yanamtoka.

Mtoto akanyamaza, akatafutatafuta kwa mdomo, akalipata titi.