Sanda Iliyobaki Melini

Tangu asubuhi Bi Mwanamkuu alikuwa akiwaambia wateja jambo lile lile: bafta nyeupe ya sanda hakuna. Majora yake yamo melini, na meli imetia nanga nje ya bandari wiki ya sita sasa, kwa sababu mataifa mawili makubwa yanapandishiana ushuru na hakuna anayejua mzigo ushushwe wapi.

Athmani, jirani wa mtaa wa pili, hakutaka kusikia habari za ushuru. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri.

"Tunazika alasiri, bibi. Maduka yote nimeyazunguka. Nimepata mapazia ya maua tu."

"Mapazia ya maua," alirudia Bi Mwanamkuu, akasonya. "Wanagombania magari na simu huko kwao, sisi huku hata kuzikana tunashindwa."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba sanda yake mwenyewe, aliyokwenda nayo Maka akaiosha kwa maji ya zamzam, kisha akaihifadhi sandukuni miaka kumi na mmoja. Athmani alipoiona alirudi nyuma.

"Siwezi, bibi. Hiyo ni yako."

"Mimi nasubiri meli. Mama yako hawezi kusubiri."

Athmani alipoondoka, Bi Mwanamkuu alimpigia simu tena wakala wa meli. Wakala akaanza kumweleza habari za ushuru.

"Mwanangu, sikuulizi ushuru," alimkatiza. "Nakuuliza, mimi sasa nife lini?"

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa, moja baada ya nyingine.