Majina ya Kuhamisha

Sifuni alisoma jina kwenye simu ya zamani, akaliandika taratibu kwenye ile mpya aliyonunua Jumamosi. Alipofika kwa Tausi wa Mkaa alitulia, akakumbuka, kisha akaliandika.

Rafiki yake Zawena alibenua midomo. "Mwenzangu, simu hiyo inahamisha majina yote kwa dakika moja. Wewe unanakili kama karani."

"Najua. Mwanangu alinionyesha."

"Sasa?"

"Ingewahamisha wote." Sifuni alifuta kioo cha ile mpya kwa upindo wa khanga; haikuvipenda vidole vyenye unga. "Nawahamisha tu waliokuja kwenye msiba wa mama. Tausi alipika siku tatu."

Zawena alicheka kwa dharau. "Mambo ya kizamani hayo. Mimi si nilikutumia ujumbe?"

"Ulituma. Na kale kapicha ka mshumaa."

Zawena aliacha kucheka. Alisogea, akachungulia simu ya zamani. Baada ya Tausi yalibaki majina manne, lake la mwisho.

"Basi malizia," alisema kwa sauti ndogo.

"Macho yamechoka. Kesho."

Sifuni alizilaza simu zote mbili mezani, akaenda kuchochea moto. Kioo cha ile mpya kilizimika mara moja. Ya zamani iliendelea kuwaka, na Zawena aliketi palepale akiitazama.