Hata kwa Sura

Fundi cherehani aliacha kusoma pale mimbarini, alipofika mahali Petro anapomkana Bwana wake. Kidole chake, kilichojaa alama za sindano, kilisimama juu ya mstari. Tone la jasho likalowesha karatasi.

Kwenye benchi la mbele aliketi rafiki yake aliyetoka gerezani jana, kavaa shati ambalo fundi mwenyewe alimshonea. Siku askari walipomkamata mlangoni pa duka la fundi, walimuuliza fundi kama anamjua.

"Huyu? Hata kwa sura simjui," alijibu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Pale kanisani mtu akakohoa. Fundi akafunga kitabu ashuke.

Rafiki yake akainuka.

"Fundi, rudi usome mpaka mwisho," akasema. "Bwana hakumwacha Petro."