Visigino Ndani ya Datsun

Mji mzima wa Kamembe ulimcheka mzee: eti zamani alishindana Safari Rally kwa Datsun hii, ilhali kuendesha hajui!

Leo ameileta kwa Gasaro, fundi wa kuchomelea, aikate iuzwe kama chuma chakavu. Usukani, uliokuwa kushoto, umeshang'olewa. Gasaro akafunua kapeti la kushoto, akakuta bamba la chuma limelika mahali pawili, kama kwa visigino. Akatazama kulia: tundu la usukani wa kwanza, kabla haujahamishiwa kushoto, limezibwa.

Akazima mashine ya kukatia. "Papa, huku kushoto alikuwa anaikala nani?"

"Ni miye. Nilikuwa nasomea dereva njia, yeye anaendesha."

Mzee akaketi hapo, Gasaro kulia. Visigino vya mzee vikaingia mlemle. Mzee akafumba macho.

"Kona kali, kushoto. Sasa daraja... punguza!"

Gasaro akakanyaga breki isiyokuwepo.